Kutoka Barafu ya Aktiki hadi Mwambao wa Nyamyumba: Historia ya Vipimo vya Rada katika Eneo la Kivu na Lugha ya Tahadhari

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vipimo vya rada ya setilaiti katika eneo la Ziwa Kivu, hususani mwambao wa Nyamyumba katika Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, kuanzia miaka ya 1990 hadi mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021. Setilaiti zilizotumika Kivu ni zilezile, au za ukoo mmoja na zile zilizotumika kukadiria unene wa barafu ya bahari katika ncha za dunia. Kazi hizo mbili zinafanana kimsingi: chombo hupima uso, na mtaalamu hukadiria kilicho chini ya uso huo. Makala yanaonyesha kwamba muda kati ya tukio na kipimo chake umepungua sana ndani ya miaka ishirini, lakini umbali kati ya kipimo na kauli inayomfikia mwananchi haujapungua kwa kiasi hicho. Inapendekezwa kwamba tahadhari za Kiswahili na Kinyarwanda zitenganishe wazi kilichopimwa, kilichokadiriwa na kinachohofiwa.

1.0 Utangulizi

Nyamyumba ni sekta, au umurenge kwa Kinyarwanda, katika Wilaya ya Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Iko kwenye mwambao wa Ziwa Kivu, kusini mwa mji wa Gisenyi. Wageni wengi huifahamu kwa kiwanda chake cha bia na kwa chemchemi za maji ya moto ambazo Wanyarwanda huziita amashyuza. Vitu hivyo viwili vina jambo moja la pamoja: vyote vimefungamana na yasiyoonekana kwa macho. Chemchemi hupata joto lake kutoka chini ya ardhi. Kiwanda nacho kilitumia kwa miongo kadhaa gesi ya methani iliyovutwa kutoka kilindi cha ziwa kwa mtambo mdogo uliojengwa katika Rasi ya Rubona mwaka 1963.

Ziwa lenyewe lina kina cha hadi mita 485. Maji yake ya chini yamebeba takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na kilomita za ujazo 60 za methani, zikiwa zimeyeyuka na kushikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kaskazini, upande wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umesimama mlima Nyiragongo wenye kimo cha mita 3,470. Mkazi wa Nyamyumba, kwa hiyo, anaishi kati ya vitu viwili ambavyo hali yake ya ndani haionekani: mlima wenye magma na ziwa lenye gesi.

Swali linaloongoza makala haya ni la kihistoria na la kiisimu kwa pamoja. Watu wa mwambao huu walianzaje kupata habari za yaliyo chini yao kupitia vyombo vilivyo angani, na habari hizo ziliwafikia kwa maneno gani? Ili kulijibu, ni lazima kwanza kutazama hali ilivyokuwa kabla ya rada. Kisha historia inaelekea kaskazini ya mbali, kwenye barafu ya bahari, ambako mbinu hizi zilikomazwa, kabla ya kurejea Kivu.

2.0 Kivu kabla ya Rada

Kiswahili kilifika Kivu kwa njia ya misafara. Msafara wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen uliotoka Pangani mwishoni mwa mwaka 1893 ulifika katika ziwa hili mwaka 1894, na Götzen mwenyewe akaupanda mlima Nyiragongo. Baadaye Wajerumani waliweka kituo Gisenyi, na Kiswahili kikawa lugha ya boma, ya soko na ya askari. Upande wa pili wa mpaka, katika Kongo ya Wabelgiji, lugha hiyohiyo ilienea mijini, migodini na mashambani. Hivyo, katika karne yote ya ishirini, miji ya Goma na Gisenyi, inayotenganishwa na kizuizi cha barabarani tu, ilikuwa na lugha ya kuelewana juu ya mlima uliokuwa mbele yao wote.

Uchunguzi wa kisayansi ulianza taratibu. Taasisi ya utafiti ya Lwiro, karibu na Bukavu, ilianza kupima matetemeko ya ardhi katika miaka ya 1950. Januari 10, 1977, lava iliyokuwa imejaa katika kasoko ya Nyiragongo ilipasua ubavu wa mlima na kumwagika katika muda usiozidi saa moja. Idadi ya waliokufa imetajwa tofautitofauti, kuanzia makumi hadi mamia. Mwaka 1986 kulianzishwa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, ambacho hadi leo ndicho chenye jukumu la kwanza la kuangalia mlima huo. Mwaka huohuo, Agosti 21, gesi ya kaboni dioksidi ilifumuka kutoka Ziwa Nyos nchini Kamerun na kuua takriban watu 1,700. Tangu siku hiyo, gesi ya Kivu haikutazamwa tena kama rasilimali pekee.

Wenyeji hawakungoja vyombo ili waipe majina hatari iliyowazunguka. Katika uwanda wa Goma, kaboni dioksidi hutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama kwenye mabonde na mashimo. Huua mifugo, na pengine watu, bila harufu wala rangi. Wasemaji wa Kiswahili wa huko wanaiita mazuku. Neno hilo limeingia katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza na Kifaransa na linatumiwa bila kutafsiriwa na wachunguzi wa volkano. Huu ni ushahidi kwamba Kiswahili cha Kivu kiliweza kutaja kwa usahihi kitu kisichoonekana, kiasi kwamba sayansi ya kimataifa ililiazima neno hilo. Suala hili litarejewa katika sehemu ya sita.

3.0 Somo la Barafu ya Bahari

Uhisi wa mbali ni ukusanyaji wa habari za kitu bila kukigusa. Unapotumia mawimbi ya mikrowevu, yaani mawimbi ya redio ambayo urefu wake ni wa milimita hadi makumi ya sentimita, una faida moja kubwa: mawimbi hayo hupenya mawingu na hayahitaji mwanga wa jua. Faida hiyo ilivutia kwanza watu waliochunguza ncha za dunia, ambako usiku huweza kudumu kwa miezi. Mwaka 1972 Marekani ilirusha setilaiti ya Nimbus-5, ambayo ilipokea mionzi asilia ya mikrowevu kutoka kwenye uso wa dunia na kuonyesha mipaka ya barafu ya bahari. Lakini kujua eneo la barafu si kujua unene wake. Eneo pekee halitoshi kueleza barafu imepungua kiasi gani, kwa kuwa barafu ya upana uleule inaweza kuwa na unene wa nusu mita au wa mita tatu.

Njia ya kukadiria unene ilipatikana baada ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya kurusha setilaiti ya ERS-1, Julai 17, 1991. Setilaiti hiyo ilikuwa na rada ya kupima kimo. Rada hutuma mpigo wa mawimbi kuelekea chini, kisha hupima muda ambao mwangwi wake unachukua kurudi. Barafu inayoelea huacha sehemu ndogo tu juu ya maji, takriban sehemu moja ya kumi. Mpigo ukigonga barafu, hutoa kimo cha uso wa barafu. Ukigonga ufa wa maji kati ya mapande ya barafu, hutoa kimo cha bahari. Tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo inayopimwa. Unene wote hukadiriwa kutokana na tofauti hiyo kwa kutumia uzito wa barafu, wa maji na wa theluji iliyolala juu.

Seymour Laxon na wenzake walichapisha mwaka 2003 makadirio ya unene wa barafu ya Aktiki kutokana na ERS-1 na ERS-2, wakionyesha kwamba unene huo ulibadilika mwaka hadi mwaka kuliko ilivyodhaniwa. Setilaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa Aprili 8, 2010, ilitengenezwa mahususi kwa kazi hii. Nyingine, SMOS, iliyorushwa mwaka 2009, husikiliza mionzi asilia yenye urefu wa wimbi wa takriban sentimita 21 na hutumika kukadiria barafu changa isiyozidi nusu mita hivi.

Somo la kazi hizi ni la unyenyekevu. Kwa kuwa sehemu moja tu kati ya kumi iko juu ya maji, kosa la sentimita moja katika kipimo cha uso huzaa kosa la karibu sentimita kumi katika makadirio ya unene. Zaidi ya hayo, hudhaniwa kwamba wimbi la rada hupita katika theluji kavu hadi kwenye barafu, jambo ambalo haliwi hivyo kila mara. Ndiyo maana watafiti wa barafu walijenga desturi ya kutenganisha mambo mawili katika kila ripoti: nini kilipimwa, na ni dhana zipi zilizoongezwa ili kufikia unene. Desturi hiyo ndiyo kipimio ambacho makala haya yanakitumia kutazama historia ya Kivu.

4.0 Rada Yafika Kivu

ERS-1 ilibeba rada ya pili, ya kutoa picha. Picha mbili za rada za mahali pamoja, zilizopigwa kwa nyakati tofauti kutoka karibu na sehemu ileile ya anga, zinaweza kulinganishwa wimbi kwa wimbi. Iwapo ardhi imesogea kati ya picha ya kwanza na ya pili, mwangwi hurudi ukiwa umechelewa au umewahi kidogo. Tofauti hiyo huchorwa kama mikanda ya rangi, na kwa rada ya ERS, yenye urefu wa wimbi wa sentimita 5.6, kila mkanda unawakilisha msogeo wa sentimita 2.8 kuelekea kwenye setilaiti au kutoka kwake. Mwaka 1993 Didier Massonnet na wenzake walionyesha kwa njia hii jinsi ardhi ya Landers, California, ilivyosogea katika tetemeko la Juni 1992. Mwaka 1995 mbinu hiyohiyo ilionyesha mlima Etna wa Italia ukinywea baada ya kutoa lava.

Katika eneo la Kivu mbinu hiyo ilikabiliwa na vikwazo viwili. Kwanza, setilaiti za ERS hazikuwa na uwezo wa kuhifadhi ndani yake data za picha za rada. Picha ilipatikana pale tu setilaiti ilipopita mahali inapoonwa na kituo cha kupokea. Kwa hiyo hazina ya picha za Afrika ya Kati ya miaka ya 1990 ina mapengo ambayo Ulaya haikuwa nayo, na mapengo hayo hayawezi kuzibwa leo. Pili, misitu ya Virunga huvuruga ulinganisho wa picha, kwa kuwa majani hubadilika kila siku. Mawimbi marefu zaidi, kama ya sentimita 23.5 yaliyotumiwa na setilaiti ya Kijapani JERS-1 kuanzia mwaka 1992, hupenya majani kwa urahisi zaidi, lakini picha zake zilikuwa chache.

Januari 17, 2002, ubavu wa kusini wa Nyiragongo ulipasuka. Lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika takriban asilimia 13 ya mji na kuingia ziwani. Zaidi ya watu 100 walikufa, na mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Matetemeko yaliendelea kwa siku nyingi pande zote mbili za mpaka. Hofu kubwa ilikuwa kwamba lava iliyoingia ziwani ingeifumua gesi. Wataalamu waliopima maji baada ya mlipuko waligundua kwamba tabaka za chini zenye gesi nyingi hazikuvurugwa.

Picha za rada za ERS-2 na za setilaiti ya Kanada, RADARSAT-1, zilikuwepo, lakini uchambuzi wake kamili ulichukua muda. Mwaka 2012, yaani miaka kumi baadaye, Christelle Wauthier na wenzake walichapisha makadirio yao. Kwa mujibu wao, mikanda ya msogeo ilielezeka vizuri zaidi kwa kuwepo kwa nyufa mbili zilizojaa magma. Ufa wa kwanza, wa karibu na uso, ulihusiana na mipasuko iliyoonekana ardhini. Wa pili, wenye urefu wa kilomita 40, ulikuwa takriban kilomita tatu chini ya Goma na uliendelea kwa kilomita 20 hivi chini ya Ziwa Kivu. Watafiti hao walisisitiza kwamba uwezekano wa magma kukutana na gesi ya ziwa uhesabiwe kuwa hatari halisi ya milipuko ya baadaye.

Hapa kufanana na barafu kunakuwa dhahiri, na tofauti pia. Rada haikuona magma. Iliona ardhi iliyosogea. Urefu, kina na mwelekeo wa nyufa vilikadiriwa kwa kutafuta umbo ambalo lingesababisha msogeo wa namna hiyo. Lakini katika Aktiki maji ndiyo msaada wa mpimaji, kwa kuwa ufa wa maji humpa kimo cha bahari cha kulinganishia. Katika Kivu maji ndiyo upofu wake. Mawimbi ya rada hayapenyi maji, na uso wa ziwa unaobadilika kila dakika hauwezi kulinganishwa kati ya picha mbili. Yote yanayosemwa kuhusu magma chini ya ziwa hutokana na msogeo wa ardhi ya pembezoni. Mwambao, ukiwamo ule wa Nyamyumba, ndio ukingo wa mwisho wa kile ambacho rada inaweza kukipima.

Februari 3, 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Bukavu na Cyangugu, upande wa kusini wa ziwa. Nicolas d'Oreye na wenzake walilichambua kwa rada na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Ushirikiano kati ya kituo cha Goma na taasisi za Ubelgiji na Luxembourg ulizaa pia mitandao ya vipimo vya ardhini, vya matetemeko na vya misogeo midogo, katika miaka iliyofuata. Vipimo vya angani vilianza kupata mashahidi wa ardhini.

5.0 Mei 2021

Setilaiti ya Sentinel-1A ilirushwa Aprili 3, 2014, na mwenzake Sentinel-1B Aprili 25, 2016. Zikizunguka katika kimo cha takriban kilomita 693, kila moja ilirudi juu ya njia ileile baada ya siku 12, na zote mbili kwa pamoja ziliweza kupunguza muda huo hadi siku sita. Data zake zilitolewa bure kwa yeyote. Kazi zake za kawaida zilihusisha kufuatilia barafu ya bahari kwa ajili ya meli, na pia kupima misogeo ya ardhi. Kwa mara ya kwanza, Kivu ilipata mfululizo wa picha usio na mapengo ya zamani. Picha za rada ziliwawezesha watafiti pia kufuatilia jinsi sakafu ya kasoko ya Nyiragongo ilivyokuwa ikipanda tangu 2002, kwa kutumia vivuli vya kingo zake.

Jioni ya Mei 22, 2021, mlima ulipasuka bila dalili za wazi. Lava ilitiririka kwa muda wa saa sita hivi, ikaua watu na kuteketeza vijiji, na kusimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Baada ya hapo, matetemeko yalianza kusogea kutoka mlimani kuelekea kusini. Katika Rubavu barabara na nyumba zilipata nyufa. Picha za Sentinel-1 za kabla na baada ya mlipuko zilipolinganishwa, mikanda ya msogeo ilionekana ikipita juu ya Goma na Gisenyi na kukatika kwenye ukingo wa maji.

Mei 27, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliamuru sehemu kadhaa za Goma zihamwe. Tangazo lake lilitaja matetemeko na kubadilika kwa umbo la ardhi, likasema kwamba magma iko chini ya mji na inaelekea chini ya ziwa, na likaonya kwamba mlipuko wa ardhini au wa ziwani hauwezi kuondolewa katika hesabu. Mamia ya maelfu waliondoka, wengine kuelekea Sake na Rutshuru, wengine kwa boti hadi Bukavu, wengine kuingia Rwanda kupitia Rubavu. Magma haikutoka mjini wala ziwani. Mwezi Juni watu walianza kurejea.

Mwaka 2022 Delphine Smittarello na wenzake, wakiwamo watafiti wa Goma, walichapisha uchambuzi wao. Walikadiria kwamba ufa wa magma ulikuwa na urefu wa kilomita 25 na ulipita chini ya Goma, Gisenyi na ziwa katika kina kisichofika mita 500. Ikilinganishwa na makadirio ya kilomita tatu ya mwaka 2002, tofauti ni kubwa mno. Walionyesha pia kwamba mpangilio wa matukio ulikuwa kinyume cha kawaida: ubavu wa mlima ulipasuka kwanza, ndipo magma ikasafiri chini ya ardhi. Kwa hiyo hakukuwa na msogeo wa kupimwa kabla ya lava kutoka.

Ukilinganisha matukio hayo mawili, hatua iliyopigwa inaonekana. Baada ya mlipuko wa 2002, makadirio kamili yalipatikana baada ya miaka kumi. Baada ya ule wa 2021, picha zilikuwepo ndani ya siku chache na ziliweza kuwasaidia watoa maamuzi wakati tukio likiendelea. Hata hivyo, swali lililoulizwa sana mitaani na katika vyombo vya habari halikuwa juu ya kilichopimwa. Lilikuwa: kwa nini mlipuko haukutabiriwa?

6.0 Kupima, Kukadiria, Kutabiri

Swali hilo ni la haki, lakini limebeba utata wa kilugha ambao una gharama. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyotofautisha viwango vya ujuzi. Kupima ni kutumia chombo na kupata thamani. Kukadiria ni kufikia thamani kwa kutumia kipimo pamoja na hoja. Kukisia ni kusema kwa msingi mdogo zaidi. Kutabiri ni kueleza litakalotokea, na katika matumizi ya kawaida neno hilo bado lina harufu ya kazi ya mwaguzi na mfasiri wa ndoto, ingawa linatumika pia kwa hali ya hewa. Lugha, kwa hiyo, haina upungufu. Upungufu uko katika matumizi: katika mazungumzo ya umma juu ya volkano, vitenzi hivi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Tangazo la Mei 27 ni mfano mzuri wa kuchambua, si kwa kulilaumu, kwa kuwa lilitolewa katika dharura na lilikuwa na msingi wa kisayansi. Ndani yake kulikuwa na kauli za aina tatu. Kubadilika kwa umbo la ardhi kulikuwa kumepimwa. Kuwepo kwa magma chini ya mji na ziwa kulikuwa kumekadiriwa kutokana na vipimo. Mlipuko chini ya ziwa ulikuwa unahofiwa. Mtaalamu husikia tofauti hizo hata zisipotajwa. Msikilizaji wa kawaida huzipokea zote kwa uzito mmoja. Hofu isipotimia, anaweza kuhitimisha kwamba hata kipimo kilikuwa cha uongo, na mara nyingine asiondoke.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi Nyamyumba kuliko mahali pengi. Kwa sababu rada haioni chini ya maji, kauli zote kuhusu ziwa zitabaki kuwa za kukadiria, hata vyombo vikiboreka. Wakazi wa mwambao ndio watakaotakiwa kuchukua hatua kwa msingi wa makadirio, huku wakazi wa nchi kavu wakiambiwa vipimo. Kuwaeleza tofauti hiyo mapema, wakati wa utulivu, ni sehemu ya kuwalinda.

Sera za lugha zimefungua njia. Kiswahili ni mojawapo ya lugha za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na mwaka 2017 kiliingizwa katika orodha ya lugha rasmi za Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Nchi zote mbili sasa ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pande mbili za mpaka ambao magma iliuvuka bila kizuizi zina, kisheria, lugha moja ya kutolea tahadhari. Lakini maandishi ya kitaalamu juu ya mlima na ziwa hili yako karibu yote katika Kiingereza na Kifaransa. Sayansi ilichukua neno mazuku kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili. Haijawarudishia maneno ya kueleza kile inachokipima chini ya nyumba zao.

Tahadhari inayofuata desturi ya watafiti wa barafu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili cha kawaida bila istilahi ngumu. Muundo wake ungekuwa hivi: kilichopimwa ni kwamba, kati ya tarehe hii na hii, ardhi ya sehemu fulani imesogea kwa sentimita kadhaa, kinachokadiriwa ni kwamba magma imeingia kwenye ufa ulio chini ya sehemu hiyo, na kina chake kinaweza kuwa kati ya kiasi hiki na hiki, kinachohofiwa ni kwamba inaweza kutoka juu, ingawa inaweza pia isitoke, kinachotakiwa ni kwamba wakazi wa sehemu zilizotajwa waondoke sasa kwa njia hizi. Muundo huo haupunguzi nguvu ya amri. Unaipa sababu inayobaki kuwa kweli hata kama hofu haikutimia.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba ujuzi wa rada uliofika Kivu haukuwa wa kuona chini ya ardhi. Ulikuwa ujuzi wa kupima uso kwa makini, kisha kukadiria. Ujuzi huo ulikomaa katika bahari zenye barafu, ulifika Kivu ukiwa na mapengo, na kufikia mwaka 2021 ulikuwa tayari kusaidia maamuzi ya siku kwa siku. Hauwezi, peke yake, kutabiri kila mlipuko, na tukio la Mei 22 lilithibitisha hilo.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na taasisi za lugha za Rwanda na Kongo na vituo vya uchunguzi wa volkano, iandae orodha fupi ya maneno ya vipimo vya ardhi na ziwa katika Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, ikianza na maneno ambayo wenyeji tayari wanayo, kama mazuku na amashyuza. Pili, mamlaka za dharura za nchi zote mbili zikubaliane juu ya muundo mmoja wa tahadhari unaotenganisha kilichopimwa, kilichokadiriwa, kinachohofiwa na kinachotakiwa, ili Goma na Gisenyi zisipate kauli mbili juu ya ufa mmoja. Tatu, kwa kuwa rada haioni ziwani, vipimo vya mwambaoni na ndani ya maji viimarishwe, na wakazi wa Nyamyumba wapewe njia rasmi ya kuripoti mabadiliko wanayoyaona kwenye chemchemi, kwenye kuta na kwenye kimo cha maji.

Setilaiti mpya zinaongezeka. NISAR, ya Marekani na India, iliyorushwa Julai 30, 2025, inatumia mawimbi marefu yanayofaa kwa milima yenye misitu kama Virunga, na itapima pia barafu. Vipimo vya Kivu vitakuwa vingi na bora zaidi. Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu, watafsiri na watunga sera: kuhakikisha kwamba mvuvi wa Nyamyumba, akiambiwa aondoke usiku, anajua ni kipi kimepimwa na ni kipi kinahofiwa, na anaondoka.